Kutoka E1 hadi Ultra160: jinsi ya kulinganisha kasi za data za mitambo ya zamani

SWALI: Ofisi yetu ya Mwanza ina seva ya mwaka 2003 yenye diski za SCSI (aina ya zamani ya kiunganishi cha diski) za kizazi cha Ultra160, na nakala zake zimo kwenye tepu za LTO-2, yaani kaseti za utepe wa sumaku. Kompyuta inaonyesha gigabaiti 900 za nyaraka zilizoskaniwa, na zote zinatakiwa zifike makao makuu Dar es Salaam. Tuna laini ya E1 ya tangu zamani, ya megabiti 2.048 kwa sekunde, na mtoa huduma amesema anaweza kutupatia STM-1, laini ya megabiti 155.52, kwa mwezi mmoja. Swichi yetu ya ndani ni ya megabiti 100. Kitabu cha draivu ya tepu kinasema gigabaiti 288 kwa saa. Nimeziingiza namba hizi zote katika kikokotoo cha mtandaoni, nikagawanya kwa nane pale inapotakiwa (baiti moja ni biti nane), na bado majibu hayafanani na ninayoyaona kwenye skrini. Nakosea wapi, na kazi hii itachukua muda gani?

JIBU: Hesabu yako ya kugawanya kwa nane haina kosa. Kinachokusumbua ni kwamba namba ulizoziingiza zilipimwa mahali tofauti tofauti. Nyingine zilipimwa kwenye waya, pamoja na biti za uongozi ambazo mtumiaji hazioni kamwe. Nyingine zilipimwa baada ya biti hizo kuondolewa. Nyingine ni kasi ya njia moja inayogawanywa na vifaa kadhaa. Na moja, ile ya tepu, imejengwa juu ya dhana fulani kuhusu aina ya data utakayoandika. Kikokotoo hakina njia ya kuyajua hayo. Ukikiuliza uhusiano wa Ultra160 na E1 kitakujibu kwamba Ultra160 moja ni sawa na E1 625, kwa kuwa megabaiti 160 ni megabiti 1,280, na 1,280 ukiigawanya kwa 2.048 unapata 625 bila baki. Jibu hilo ni sahihi kihesabu, lakini halikusaidii kupanga hata saa moja ya kazi yako. Kwa hiyo nitaichukua kila namba uliyoitaja, nieleze imetoka wapi, niishushe hadi kipimo kimoja, yaani baiti za faili zako zinazopita kwa sekunde, na hapo ndipo tutakapohesabu muda.

Nianze na ukubwa wa mzigo, kwa sababu kosa la kwanza limo humo. Ikiwa seva yako inatumia Windows, kama seva nyingi za ofisi za wakati huo, gigabaiti inayoonyeshwa kwenye skrini ni 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Gigabaiti 900 za namna hiyo ni baiti bilioni 966.4. Watengenezaji wa diski na tepu, na watu wote wa mawasiliano, huhesabu kwa elfu: kwao gigabaiti 900 ni baiti bilioni 900 kamili. Tofauti hiyo ni asilimia 7.4, na katika kazi inayochukua wiki kadhaa ni siku nzima nzima. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliweka majina ya kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti kwa ajili ya vizidishi vya 1,024, lakini vitabu vya mitambo ya kizazi cha seva yako havikuyatumia. Katika nyaraka za zamani utakuta hata mchanganyiko wa mifumo yote miwili ndani ya namba moja: disketi iliyoandikwa megabaiti 1.44 ina baiti 1,474,560, ambazo ni 1.44 mara 1,000 mara 1,024. Kwa upande wa mtandao hakuna utata wa aina hiyo. Kilobiti 64 za laini ya simu ni biti 64,000, na hazijawahi kuwa 65,536. Kwa hiyo mzigo wako tuuandike baiti bilioni 966.4, na tangu hapa kila hesabu iwe ya elfu.

Sasa E1. Kasi yake ya megabiti 2.048 inaonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba laini hii ilibuniwa kubeba mazungumzo ya simu. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane, hivyo mazungumzo mamoja yanahitaji biti 64,000 kwa sekunde. E1 ina vipande 32 vya namna hiyo, na 32 mara 64,000 ni 2,048,000. Hata hivyo kipande cha kwanza, kinachoitwa namba 0, hutumika kuoanisha fremu, yaani mafungu ya vipande hivyo 32, ili mtambo wa upande wa pili ujue kila kipande kinaanzia wapi, na data haipiti humo. Kipande cha 16 kilihifadhiwa kwa ajili ya ishara za kupiga na kukata simu, ndiyo maana mafundi wa simu husema E1 ina chaneli 30. Laini ya data kama yako kwa kawaida hukirudisha kipande cha 16 kwa mtumiaji, na hivyo unabaki na vipande 31, ambavyo ni kilobiti 1,984, sawa na baiti 248,000 kwa sekunde. Kikokotoo kilikupa baiti 256,000 kwa sababu kilihesabu hata kipande cha kuoanisha. Ukiondoa na vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia kila fungu la data, ambavyo kwa pakiti kubwa ya baiti 1,500 hula takriban asilimia tatu, faili zako zitapita kwa baiti 240,000 hivi kwa sekunde.

Angalia pia kwamba nyaraka ulizonazo hazichanganyi E1 na T1. T1 ni ya Marekani, ilianza kazi mwaka 1962, nayo ina vipande 24 tu pamoja na biti moja ya fremu: biti 193 mara 8,000, yaani megabiti 1.544. Afrika Mashariki tumefuata mfumo wa E1, lakini programu na vitabu vilivyoandikwa Marekani hutaja T1 kana kwamba ndiyo laini pekee duniani, na mtu akikopi mpangilio kutoka humo anaweza kujikuta anatumia vipande 24 kati ya 31 alivyolipia. Utakuta pia kilobiti 56 mahali ulipotarajia 64. Hiyo inatoka kwenye T1 za zamani ambazo ishara za simu zilichukua biti moja ya kila kipande katika baadhi ya fremu, na watu wa data, kwa kuwa hawakuweza kujua ni fremu ipi, waliiacha biti hiyo daima na kubaki na saba: saba mara 8,000 ni 56,000.

Ukipanda juu ya E1, kuzidisha kwa kichwa hakufanyi kazi tena. E3 hubeba E1 16, na 16 mara 2.048 ni 32.768, lakini E3 ni megabiti 34.368. Ziada hiyo ilihitajika kwa sababu saa za E1 mbalimbali hazikwenda sawasawa kabisa, na mtambo wa kuziunganisha ulilazimika kuwa na nafasi ya kuingiza biti za kujazia pale laini moja inapochelewa. T3 ya Marekani ina hadithi hiyohiyo: T1 28 ni megabiti 43.232, lakini T3 ni 44.736. STM-1 ilikuja baadaye katika mfumo ambao saa zote zinaoanishwa. Fremu yake ina mistari tisa na safu 270 za baiti, nayo hutumwa mara 8,000 kwa sekunde, ndiyo maana inafika megabiti 155.52 kamili. Wamarekani huiita kasi hiyohiyo OC-3, na vizidishi vyake ni safi: STM-4 au OC-12 ni 622.08, STM-16 au OC-48 ni 2,488.32.

Lakini mtoa huduma anapokwambia STM-1 muulize ataikabidhi kwa namna gani, kwa sababu hapo ndipo namba moja inapogeuka kuwa tatu. Kati ya safu 270, safu 260 tu ndizo zinazobeba mzigo, na hizo ni megabiti 149.76. Ikiwa pakiti zako zitaingizwa humo moja kwa moja, utabaki na megabaiti 18 hivi kwa sekunde za faili. Ikiwa laini inapita kwenye mtambo wa zamani wa ATM (si mashine ya fedha, bali mfumo wa kusafirisha data kwa vifurushi vidogo), kila baiti 48 za data zinafungwa katika kifurushi cha baiti 53, na 149.76 inashuka hadi 135.6 kabla hata ya kuhesabu vichwa vingine. Na ikiwa STM-1 hiyo imekatwa kuwa E1, basi zinaingia 63, ambazo kwa vipande 31 kila moja ni takriban megabiti 125, yaani megabaiti 15.6 kwa sekunde kabla ya vichwa vya pakiti. Tofauti kati ya namna ya kwanza na ya tatu ni karibu sehemu moja ya sita ya laini unayotaka kuilipia.

Kabla ya kwenda mbali na STM-1, rudi kwenye swichi yako, maana nadhani ndiko ulikoona namba ambayo haikubaliani na hesabu yako. Megabiti 100 ukigawanya kwa nane ni megabaiti 12.5, na unapokopi faili kubwa skrini inakuonyesha 11.3 au 11.2. Hakuna kilichoharibika. Megabiti 100 za Etheneti, mfumo wa mtandao wa ndani unaotumiwa na swichi yako, kwa kweli ni kasi ya data, kwa sababu usimbaji wa ndani umeshaondolewa: kwenye waya wenyewe zinapita alama milioni 125 kwa sekunde, na kila biti nne zimeandikwa kwa tano. Kutoka kwenye megabiti 100 hizo, kila pakiti ya baiti 1,500 inatumia nafasi ya baiti 1,538, kwa kuwa ina utangulizi wa baiti nane, kichwa cha baiti 14, alama ya ukaguzi ya baiti nne na pengo la baiti 12 kabla ya pakiti inayofuata. Ndani ya zile 1,500, vichwa vya IP na TCP, kanuni za kusafirisha data mtandaoni, vinachukua 40. Zinabaki 1,460 za faili kati ya 1,538, ambazo ni asilimia 94.9, na hiyo inatoa megabaiti 11.87 kwa sekunde. Windows sasa inagawanya baiti hizo kwa 1,048,576 badala ya milioni, na inakuandikia 11.3. Seva inayoweka muhuri wa muda katika kila pakiti hupoteza baiti 12 zaidi, na hapo utaona 11.2. Ukiona mojawapo ya namba hizo mbili, swichi yako inafanya kazi kwa ukamilifu wake. Ukiona megabaiti moja au mbili, angalia kama upande mmoja wa kebo umewekwa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja wakati upande mwingine haukuwekwa hivyo. Ni hitilafu ya kawaida sana kwa swichi za umri huo. Na muuzaji akikwambia kwamba swichi ya megabiti 100 ni ya megabiti 200, amejumlisha kwenda na kurudi, jambo ambalo halikusaidii unapotuma upande mmoja tu.

Bila shaka utagusa pia mlango wa usimamizi wa ruta ya E1, ambao kwa kawaida umewekwa biti 9600 kwa sekunde. Hapo usigawanye kwa nane. Mawasiliano ya namna hiyo huweka biti ya kuanzia na biti ya kumalizia kwa kila herufi, hivyo kila baiti inakula biti kumi, na 9600 ni baiti 960 kwa sekunde. Ukijaribu kupakia faili ya mfumo ya mebibaiti nane kupitia mlango huo utasubiri karibu saa mbili na nusu. Watu wengi huziita kasi hizi baudi, yaani alama kwa sekunde, na kwenye mlango huo namba za baudi na za biti kwa sekunde ni sawa, kwa kuwa kila alama hubeba biti moja. Kwa modemu za simu si hivyo: modemu ya V.22bis ilituma biti 2,400 kwa sekunde kwa alama 600 tu, kila alama ikibeba biti nne. Ukikuta katika nyaraka za zamani mtu ameandika modemu ya baudi 56,000, alikusudia biti 56,000 kwa sekunde za V.90, tena kwa upande wa kupokea peke yake, maana kutuma kuliishia 33,600.

Twende sasa kwenye hifadhi, ambako desturi ni nyingine. SCSI ya zamani hutuma biti nyingi kwa pamoja katika nyaya sambamba, na namba yake imeandikwa kwa megabaiti tangu mwanzo. Ultra160 ni nyaya za data 16, yaani baiti mbili, kwa saa ya megahetzi 40, na data hutumwa mara mbili katika kila mzunguko wa saa: mbili mara 40 mara mbili ni 160. Kwa kanuni hiyohiyo unaweza kuisoma familia nzima bila jedwali: SCSI ya kwanza 5, Fast 10, Fast Wide 20, Ultra Wide 40, Ultra2 Wide 80, na Ultra320 baada ya 160. Namba hizi ni za njia nzima wakati data inapita, na diski zote zilizofungwa kwenye kebo hiyo zinaigawana. Isitoshe, hadi kizazi cha Ultra160 amri na majibu ya hali husafiri kwa mwendo wa zamani wa biti nane, kwa hiyo faili ndogo ndogo nyingi huila njia hiyo zaidi ya faili kubwa chache. Halafu angalia kadi ya SCSI imechomekwa wapi. Ikiwa iko kwenye nafasi ya kawaida ya PCI (mahali pa kuchomeka kadi ndani ya kompyuta) ya biti 32 na megahetzi 33, nafasi hiyo ina uwezo wa megabaiti 133 tu kwa sekunde, ambazo hugawanywa na kadi nyingine zilizo kwenye njia hiyohiyo, kadi ya mtandao ikiwemo. Namba 160 kwenye kebo haiwezi kufikiwa na seva ya namna hiyo hata siku moja.

Kwa viunganishi vilivyokuja baadaye na kutuma biti moja moja kwa mfululizo, hesabu inabadilika tena, na hapa ndipo watu wanaogawanya kila kitu kwa nane hukosea kwa asilimia 25. SATA ya kwanza ni gigabiti 1.5 kwa sekunde kwenye waya, lakini kila baiti imeandikwa kwa biti kumi, hivyo mgawanyo ni kwa kumi: megabaiti 150. SATA ya gigabiti 3 ni 300, na ya 6 ni 600. Fibre Channel iliyoandikwa gigabiti 2 kwa hakika ina biti bilioni 2.125 kwenye waya, na baada ya kugawanya kwa kumi na kuondoa vichwa vya fremu inahesabiwa kuwa megabaiti 200 kwa upande mmoja. Ukisoma 400, wamejumlisha pande mbili. USB 2.0 ndiyo inayowaudhi wengi, kwa sababu megabiti 480 ni kweli megabaiti 60, lakini kanuni za kupanga pakiti zake zinaruhusu zisizidi megabaiti 53 za data, na diski ya nje ya kawaida hutoa 30 hadi 40. CD-ROM nayo ina desturi yake: X moja ni baiti 153,600 kwa sekunde, na diski iliyoandikwa 52X huifikia kasi hiyo kwenye ukingo wa nje peke yake. X moja ya DVD ni karibu mara tisa ya ile ya CD, kwa hiyo usilinganishe X za aina mbili.

Sasa tepu. Gigabaiti 288 kwa saa, ukigawanya kwa 3,600, ni megabaiti 80 kwa sekunde. Kasi halisi ya LTO-2 ni megabaiti 40. Mtengenezaji amechukulia kwamba data yako itabanwa hadi nusu, akazidisha kwa mbili, na amefanya vivyo hivyo kwa ujazo: kaseti ya gigabaiti 200 imeandikwa 400 kwenye boksi. Dhana hiyo inakubalika kwa maandishi na hifadhidata. Kwa nyaraka zilizoskaniwa, ambazo kwa kawaida zimeshabanwa katika JPEG au PDF, hakuna kitakachobanwa tena, na lazima uhesabu megabaiti 40, ambazo ni gigabaiti 144 kwa saa, na kaseti tano kwa mzigo wako. Zaidi ya hapo, draivu ya tepu ina kasi ya chini ambayo chini yake haiwezi kuendelea kuzungusha utepe. Ukiilisha kupitia swichi ya megabaiti 11.87 huenda ikasimama, ikarudi nyuma, ikaanza tena, na kila mara inapofanya hivyo unapoteza muda na kuchakaza kichwa pamoja na utepe wenyewe. Tepu isomwe na iandikwe kwenye diski iliyo ndani ya seva ileile.

Kuna namba moja ambayo kikokotoo chochote cha vipimo hakiwezi kukupa, nayo kwa safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam ina uzito kuliko zote. TCP ya zamani, isiyotumia upanuzi wa dirisha (kiasi cha data kinachoruhusiwa kuwa njiani) uliopendekezwa mwaka 1992, haiwezi kuwa na zaidi ya baiti 65,535 njiani kabla ya kupata jibu kutoka upande wa pili. Ikiwa kwenda na kurudi kunachukua milisekunde 20, muunganisho mmoja hauwezi kuvuka baiti 65,535 kugawanya kwa 0.02, yaani megabaiti 3.28 kwa sekunde, hata ungepewa STM-64, laini mara 64 ya STM-1. Waliofanya kazi na satelaiti wanalifahamu jambo hili vizuri. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, mawasiliano ya Tanzania na dunia ya nje yalitegemea sana satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi kulizidi nusu sekunde. Kwa milisekunde 600 muunganisho mmoja unapata baiti 109,000 kwa sekunde, chini ya nusu ya E1. Ofisi nyingi zililipia laini pana zaidi wakati ambapo tatizo lilikuwa dirisha. Dawa ni kuwasha upanuzi wa dirisha pande zote mbili, au kama seva haikubali, kutuma kwa miunganisho kadhaa kwa pamoja. Kwa mfano wa milisekunde 20, miunganisho minne inatosha kuijaza swichi yako.

Sasa tuna kipimo kimoja kwa kila sehemu, na muda unatoka wenyewe. Kwa E1, baiti bilioni 966.4 kwa mwendo wa baiti 240,000 zitachukua siku 46 hadi 47, usiku na mchana, bila laini kukatika na bila mtu mwingine ofisini kuitumia. Aliyedhani megabiti mbili ni megabaiti mbili atakuwa amemwahidi mkuu wake siku tano na nusu. Kwa STM-1 iliyokabidhiwa vizuri ingekuwa karibu saa 15, lakini swichi yako itaizuia kwenye megabaiti 11.87, hivyo itakuwa saa 22 na dakika 40 hivi, na kwa muunganisho mmoja wenye dirisha dogo na milisekunde 20 itakuwa siku tatu na nusu. Ukiamua kuchukua STM-1, badilisha kwanza swichi iwe ya gigabiti moja. Bila hivyo utalipia megabiti 50 ambazo haziwezi kukufikia. Kusoma tepu zote kunahitaji saa 6 na dakika 43 bila kuhesabu muda wa kubadilisha kaseti.

Ushauri wangu ni kutokodi STM-1 kwa kazi hii peke yake. Nakala ya mzigo huu ikitoka Mwanza na kufika Dar es Salaam ndani ya saa 24 mikononi mwa mfanyakazi wenu, ni sawa na laini inayobeba megabiti 89.5 kwa sekunde kwa siku nzima. Kopi data kwenye diski mbili za nje zenye nakala zinazofanana, kwa USB 2.0 ni saa 7 hadi 9 kwa kila moja, zifungwe kwa usimbaji wa siri kabla hazijatoka ofisini, na tepu zibaki Mwanza mpaka makao makuu wathibitishe kwamba kila faili imefika nzima. Kama makao makuu wanataka tepu zenyewe, waulize wana draivu gani: LTO-2, LTO-3 na LTO-4 zinazisoma kaseti zenu, lakini LTO-5 hairudi nyuma hadi huko. E1 yenu inatosha kabisa kwa nyaraka mpya zinazoingia kila siku baada ya hapo, mradi zisizidi gigabaiti 20 kwa siku.

Na ikiwa baadaye ofisi itaamua kupandisha laini kwa matumizi ya kudumu, katika barua ya maombi msiandike STM-1 wala E3. Andikeni kwamba mnahitaji megabiti 100 kwa sekunde za pakiti za IP za baiti 1,500, kwa kila upande, zikipimwa kati ya mlango wa ruta ya Mwanza na mlango wa ruta ya Dar es Salaam, pamoja na kikomo cha milisekunde za kwenda na kurudi. Mtoa huduma ndiye atakayechagua fremu na vifurushi vya kuifikia kasi hiyo, na siku ya makabidhiano mtaweza kuipima wenyewe kwa kukopi faili moja kubwa.